Kibarua cha Kocha Kinapoota Nyasi: Hasira za Mashabiki, Kutoka Sumbawanga

Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga. Simba iliifunga Namungo 2-1, na kocha wake Mbelgiji, Sven Vandenbroeck, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa Ligi Kuu, akaongeza kombe jingine. Oktoba 22 mwaka huohuo alirudi kwenye uwanja uleule kuwakabili Tanzania Prisons, ambao walikuwa wamehamishia huko mechi zao za nyumbani kutoka Mbeya. Maafande wakashinda 1-0 kwa bao la Samson Mbangula. Siku nne baadaye Ruvu Shooting nao wakaichapa Simba 1-0, na wito wa kutaka kocha afungashiwe virago ukapamba moto.

Hakufungashiwa. Januari 6, 2021 Simba iliipiga FC Platinum ya Zimbabwe 4-0 jijini Dar es Salaam, ikafuta kipigo cha 1-0 ilichopata Harare na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kesho yake klabu ikatangaza kuachana na Vandenbroeck, na muda si mrefu akaonekana FAR Rabat ya Morocco. Wengi waliachwa njia panda. Alifukuzwa? Alitoroka? Alinunuliwa? Na kama alikuwa mbaya Oktoba, alipataje kuwa mzuri Januari?

Maswali hayo yanarudi kila msimu, na yanawakuta watu wa Ufipa wakiwa mbali na vikao vinavyoamua, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Wanaofuatilia mpira kwa redio, kwa simu na kwenye vibanda umiza vya Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere wanapata habari kwa vipande. Ndiyo maana mabishano ya vijiweni huwa makali na hayafiki mwisho: kila upande una kipande chake cha ukweli.

Taarifa ya mistari mitatu

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni lugha ya klabu zenyewe. Taarifa ya kuachana na kocha huwa fupi, ina nembo juu na saini chini, na katikati kuna maneno yaliyozoeleka: pande mbili zimekubaliana kusitisha mkataba. Maneno hayo hutumika kwa kocha aliyetimuliwa, aliyejiuzulu na aliyepata kazi kwingine. Didier Gomes aliondoka Simba Oktoba 2021, siku mbili baada ya Jwaneng Galaxy ya Botswana kushinda 3-1 Dar es Salaam na kuitoa Simba kwa kanuni ya mabao ya ugenini, ingawa Simba ilikuwa imeshinda 2-0 ugenini. Mazingira yalisema ametimuliwa, lakini lugha rasmi ilizungumzia maelewano.

Klabu ina sababu ya kuandika hivyo. Makubaliano huzuia kesi, humlinda kocha asiharibikiwe sokoni, na huwaepusha viongozi na swali la kwa nini walimwajiri. Gharama yake inabebwa na shabiki. Asipoambiwa sababu ataitunga mwenyewe, na sababu za kutunga husambaa haraka kuliko za kweli: kocha kagombana na nahodha, kocha kakataa kupangiwa kikosi, kocha kauza mechi. Mtu anachafuliwa jina bila ushahidi, na klabu inakaa kimya kwa sababu mkataba wa kuachana unataka kila upande unyamaze.

Hoja ya "aondoke"

Wenye hoja hii si watu wa jazba tu. Msingi wao ni kwamba kazi ya kocha ina kipimo kimoja kinachoonekana na wote, yaani matokeo, na kwamba kikosi cha wachezaji zaidi ya ishirini hakiwezi kuvunjwa katikati ya msimu. Dirisha la usajili likishafungwa, kitu pekee kinachoweza kubadilishwa ni benchi la ufundi. Kwa hiyo mabadiliko ya kocha ndiyo dawa iliyopo kabatini, hata kama si dawa bora. Timu inayopigania kutoshuka daraja ina haki zaidi ya kuifikiria, maana mechi nane zilizobaki hazisubiri falsafa ikomae.

Wanaongeza jambo la pili, ambalo ni zito zaidi: kuna vipigo vinavyovunja imani ya kikosi kwa kocha. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku mbili baadaye Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, akapoteza kazi, ingawa hadi siku ile Simba ilikuwa haijafungwa katika ligi msimu huo na mwezi Agosti alikuwa ameshinda Ngao ya Jamii dhidi ya Yanga hiyohiyo. Kwa mtazamo wa hesabu alikuwa anafanya vizuri. Kwa mtazamo wa shabiki wa Msimbazi, mtu aliyekubali mabao matano kutoka kwa mtani hawezi tena kusimama mbele ya kundi na kusikilizwa. Hoja hiyo haipimiki kwa jedwali la pointi, lakini ina uzito, kwa sababu ukocha ni kazi ya kuaminiwa.

Udhaifu wake unaonekana ukiuliza kilichofuata. Abdelhak Benchikha alikuja, akaondoka kabla ya msimu kwisha, na Simba ikamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Azam. Miaka michache nyuma yake kulikuwa na mfano ulio wazi zaidi. Machi 2021 Yanga ilimtimua Mrundi Cedric Kaze ikiwa kileleni mwa ligi. Ilikuwa imepoteza mechi moja tu ya ligi, ile ya Coastal Union kule Mkwakwani, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Polisi Tanzania. Ubingwa ulienda Simba. Haiwezekani kuthibitisha kwamba Kaze angeshinda, lakini aliyesema kumwondoa kungeokoa ubingwa alikosea waziwazi.

Hoja ya "apewe muda"

Upande wa pili una shahidi mmoja mkubwa, Nasreddine Nabi. Mtunisia huyu aliichukua Yanga Aprili 2021. Julai alipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Kigoma mbele ya Simba. Septemba akatolewa Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria kwa kufungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kwa kipimo kilichomwondoa Kaze, Nabi alipaswa kuwa kwenye ndege. Yanga ikamvumilia. Msimu wa 2021/22 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi, msimu uliofuata ikautetea na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini mbele ya USM Alger.

Vandenbroeck ni shahidi wa pili, na ushahidi wake ulitolewa palepale Sumbawanga. Kati ya fainali ya Agosti na kipigo cha Oktoba hakusahau kufundisha. Alikutana na timu iliyojipanga, ugenini, katika mji ulio juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mpira ukaamuliwa na bao moja. Msimu huohuo Yanga nayo ilitoka sare ya 1-1 kwenye uwanja huo. Mechi za namna hiyo huwa na bahati ndani yake, na kumpima mtu kwa mechi mbili ni kuipa bahati cheo isichostahili.

Hata hivyo subira nayo imegeuzwa imani na baadhi ya mashabiki, na hapo inadhoofika. Yanga ilimtimua Miguel Gamondi Novemba 15, 2024, kocha aliyeifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, kwa sababu ya vipigo viwili mfululizo kutoka kwa Azam na Tabora United baada ya ushindi wa mechi nane za mwanzo za ligi. Sead Ramovic akaja na kuondoka ndani ya miezi mitatu kwenda Algeria. Miloud Hamdi akamalizia, na Yanga ikawa bingwa. Makocha watatu, msimu mmoja, ubingwa wa ligi. Anayedai kwamba utulivu wa benchi pekee ndio unaoleta mataji anapaswa kuueleza msimu huo. Maelezo yanayoniingia akilini ni haya: kikosi kilichojengwa tangu enzi za Nabi kilikuwa bora kuliko vya wengine, na ubora huo ulistahimili mtikisiko.

Taifa Stars imeongeza utata. Hemed Suleiman "Morocco" aliivusha kwenda AFCON 2025, akaondolewa mwanzoni mwa Novemba 2025, wiki chache kabla ya mashindano, na Gamondi akakabidhiwa timu. Stars ikaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, bila kushinda mechi hata moja ya makundi, kwa sare mbili na kipigo kimoja, kisha ikatolewa na Morocco kwa 1-0. Waliounga mkono mabadiliko wanasema yamelipa. Waliopinga wanasema sare na Uganda na Tunisia zilikuwa ndani ya uwezo wa Hemed pia. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, na hilo linauma zaidi ukikumbuka kwamba makocha wazawa hukabidhiwa timu zikiwa zimekwama na kunyang'anywa zikishakwamuka. Juma Mgunda aliiingiza Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa mwishoni mwa 2022, na Januari iliyofuata nafasi ikaenda kwa Robertinho.

Hoja ya "tatizo ni viongozi"

Hii ndiyo hoja inayosikika kidogo wakati wa hasira na ndiyo iliyo imara kuliko zote. Oktoba 3, 2020 Yanga ilimtimua Mserbia Zlatko Krmpotić baada ya siku 37. Alikuwa amesimamia mechi tano za ligi, akashinda nne na kutoka sare moja. Kocha wa namna hiyo hajapimwa uwanjani. Kilichopimwa ni umakini wa waliomsajili, na hao ndio waliobaki kuchagua anayefuata.

Kisa cha Mwinyi Zahera kinaonyesha upande mwingine. Mkongo huyu alifika Yanga mwaka 2018 wakati klabu imefilisika, mwaka mmoja baada ya Yusuf Manji kujiuzulu uenyekiti. Mishahara ilichelewa, wachezaji waligoma, na wanachama walichangishwa. Zahera akawa mstari wa mbele katika kuhamasisha michango, kazi ambayo si ya kocha popote duniani. Msimu wa 2018/19 timu hiyo iliyochoka ilimaliza ya pili. Novemba 5, 2019, baada ya kutolewa na Pyramids ya Misri kwa vipigo vya 2-1 Mwanza na 3-0 Cairo, akafutwa kazi. Mashabiki waligawanyika vibaya. Waliomtaka aondoke walikuwa na matokeo mkononi, na waliolia naye walikumbuka kwamba aliishika klabu wakati wenye klabu hawaonekani. Ukiitazama kwa utulivu, mechi za Pyramids zilionyesha tofauti ya pesa kati ya klabu mbili, na hakuna kocha ambaye angeiziba tofauti hiyo kwa mazoezi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba haina pa kushika. Ukisema tatizo ni uongozi, unataka nini kifanyike Jumatatu? Mwanachama mwenye kadi anaweza kusubiri mkutano mkuu. Shabiki wa kawaida wa Ufipa, anayelipa kiingilio cha kibanda umiza, kifurushi cha king'amuzi na bei ya jezi, hana kura. Pesa yake inafika Kariakoo bila sauti yake. Hivyo hasira inaangukia kwa mtu anayeonekana kwenye televisheni akiwa amesimama pembeni ya uwanja.

Takwimu zinasemaje

Mchumi Mholanzi Bas ter Weel alichunguza Ligi Kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Aliona jambo ambalo kila shabiki ameliona: matokeo huporomoka, kocha anafukuzwa, matokeo yanapanda. Kisha akafanya kitu ambacho mashabiki hatufanyi. Alizitafuta timu zilizoporomoka vilevile lakini hazikumfukuza kocha. Nazo zilipanda. Kumfukuza kocha hakukuongeza kitu.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Timu ya kiwango cha kati haiwezi kufungwa kila wiki kama ambavyo haiwezi kushinda kila wiki. Ikipitia kipindi kibaya kuliko kiwango chake, kipindi kinachofuata kina uwezekano mkubwa wa kuwa na nafuu. Kwa kuwa makocha hutimuliwa katika kina cha shimo, mrithi hupokea nafuu ambayo ilikuwa inakuja hata hivyo, na sifa zinakuwa zake.

Wamarekani wana ushahidi wao, kutoka katika mpira wao wa kukimbia na mpira mkononi, unaochezwa na timu za vyuo vikuu mbele ya watazamaji wanaofika 100,000. Huko kocha huweza kudumu muongo mzima au zaidi. E. Scott Adler, Michael Berry na David Doherty walipitia timu za vyuo za miaka ya 1997 hadi 2010. Timu mbovu kabisa zilizobadilisha kocha zilibaki karibu sawa na zile zisizobadilisha. Timu za wastani zilizobadilisha zilifanya vibaya zaidi katika miaka iliyofuata.

Tahadhari moja inahitajika. Takwimu hizi ni wastani. Hazisemi kwamba hakuna kocha anayestahili kuondolewa. Zinasema kwamba wanaoondolewa kwa ajili ya mechi chache mbovu kwa kawaida hawakuwa chanzo cha ubovu huo.

Nani analipa

Oktoba 12, 2025 chuo kikuu cha Penn State cha Marekani kilimtimua James Franklin akiwa katika msimu wake wa 12, baada ya vipigo vitatu mfululizo. Mashabiki walikuwa wameshaanza kuimba afukuzwe wakiwa uwanjani. Miezi tisa tu nyuma aliifikisha timu nusu fainali ya taifa. Mkataba wake ulidai fidia ya karibu dola milioni 49, ambayo baadaye ilipunguzwa sana alipopata kazi Virginia Tech. Texas A&M ilipomwondoa Jimbo Fisher mwaka 2023, deni lilikuwa karibu dola milioni 76. Huko wahitimu matajiri huchanga, na kwa kuchanga hupata sauti ambayo mwanafunzi na shabiki wa kawaida hawana.

Klabu zetu hazina wahitimu wa namna hiyo, lakini bili inafika. Tangu Januari 1, 2021 kanuni za FIFA zina kiambatisho maalumu cha makocha. Mkataba ukivunjwa bila sababu halali, kocha anastahili kulipwa thamani ya muda uliobaki, ikipunguzwa kwa kiasi anachopata kwenye kazi mpya. Na katika maamuzi yake, FIFA imeshikilia kwamba matokeo mabaya pekee si sababu halali ya kuvunja mkataba. Klabu isiyolipa inafungiwa kusajili. Kwa kocha mzawa kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotaka sababu halali na utaratibu wa haki, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo inayopokea malalamiko.

Shabiki anayepiga kelele "aondoke leo" mara nyingi hajui kwamba anapiga kelele pia ya kumkosa mshambuliaji mpya Januari, kwa sababu pesa ni ileile.

Huku chini, kwa makocha wasio na mkataba

Katika ligi ya mkoa wa Rukwa na timu za shule na vyuo, mambo ni mengine. Kocha mara nyingi ni mwalimu au mtumishi anayefundisha mpira jioni baada ya kazi. Hana mkataba wa maandishi; ana nauli, chakula siku ya mechi na heshima ya mtaa. Akikosana na viongozi wa timu, hapewi barua. Anafika mazoezini Jumanne na kumkuta mtu mwingine na filimbi. Hakuna fidia wala tume ya kumsikiliza, na anapoondoka anaondoka na vitu ambavyo haviko kwenye karatasi yoyote: nani ana jeraha la goti, mzazi gani hataki mwanawe acheze, kijana gani wa Kalambo ana mguu wa kushoto wa ajabu lakini hana viatu. Timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inaweza kumpoteza mtu wa namna hiyo kwa uhamisho wa kawaida wa kikazi na isipate mfano wake kwa miaka. Makelele ya Kariakoo yanaigwa hadi huku, kwa watu wasiolipwa, na hilo ndilo linalosikitisha kuliko yote yaliyotajwa hapo juu.

Mizani

Kumwondoa kocha katikati ya msimu kunakubalika kwa sababu za maadili. Yanga ilipomtimua Luc Eymael Julai 2020 kwa kauli zake za kibaguzi dhidi ya mashabiki, hakukuwa na haja ya jedwali la pointi. Kunakubalika pia pale wachezaji wenyewe wameacha kumsikiliza, na pale timu inaelekea kushuka daraja huku kiwango cha uchezaji, mbali na matokeo, kikizidi kuporomoka wiki hadi wiki. Nje ya hapo, ushahidi wa ndani na wa nje unaegemea upande wa kungoja hadi ligi iishe.

Lakini subira isiyo na masharti nayo ni kumkinga kiongozi. Kinachopaswa kudaiwa na matawi ya mashabiki ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, sawa na ya Ilala na Temeke, ni malengo ya kocha kutangazwa siku anayosaini: nafasi gani katika ligi, hatua gani Afrika, vijana wangapi kupandishwa. Jina la aliyependekeza aajiriwe nalo lijulikane. Siku ya kuachana klabu iseme, kwa sentensi mbili zinazoeleweka, ni lengo lipi halikufikiwa na fidia italipwa kutoka fungu gani. Klabu ikishindwa kusema hayo, shabiki atakuwa na haki ya kuihamisha hasira yake kutoka benchi la ufundi kwenda jukwaa kuu, walikoketi waliotia saini.